Siku Mbaya Nazo Ziandikwe

"Hodi! Kuna fundi hapa?"

Mwanamke asiyejulikana alisimama mlangoni mwa karakana, ameshika baiskeli yenye pancha. Ndani, fundi baiskeli aliyeitwa Spoki alikuwa juu ya kibao, anafuta namba ukutani. Mama yake mzee alikaa dirishani akimenya viazi.

"Karibu, dada. Subiri kidogo, nafuta mkosi."

"Mkosi gani?"

"Muda wa jana wa binti yangu. Alikimbia vibaya."

Bibi, yule mama mzee, alicheka. "Huyu hufuta kila kibaya. Ningeandikwa pale, ningeshafutwa zamani!"

Mgeni alisogea. Ukutani zilibaki namba tatu za chaki. Kuogelea, dakika 16. Baiskeli, dakika 39. Kukimbia, dakika 21.

"Binti anashiriki triathloni?"

"Ndiyo. Anaogelea, anapanda baiskeli, anakimbia, yote mfululizo. Timu ya vijana inachukua wanaomaliza ndani ya dakika 85. Jumlisha mwenyewe: 76! Lakini kwenye mashindano mara mbili amemaliza kwa 91 na 93. Hatuelewi. Na mwakani atakuwa amevuka umri."

Binti mwenyewe aliingia, nywele bado mbichi kwa maji ya bwawa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi hufundisha michezo chuoni, kazi yangu ni kupima wanariadha. Hebu niambie, hii 21 ulikimbia lini?"

"Jumapili moja asubuhi. Nilikuwa nimelala vizuri."

"Ulipanda baiskeli kwanza?"

"Hapana."

"Basi huyo ni binti aliyetoka kitandani. Kwenye mashindano anakimbia binti aliyetoka kwenye baiskeli. Hao wawili hawana miguu sawa. Na muda wa kuvaa viatu na kofia mmeuandika wapi?"

Spoki alikuna kichwa. "Huo nao unahesabiwa?"

"Saa haisimami ukifunga kamba za viatu, kaka."

Bibi aliacha kumenya. "Nyie mmekuwa mkijumlisha siku tatu tofauti!"

Jumamosi mgeni alirudi na saa ya kupimia. Binti aliendesha baiskeli, Spoki akisimama kando ya barabara akipiga kelele: "Kanyaga! Kanyaga!" Alimaliza kwa dakika 39. Aliposhuka, miguu ilikuwa mizito kama magogo. Alikimbia kwa dakika 31.

Jumamosi iliyofuata mgeni alimwambia apunguze kasi kidogo.

"Anaendesha kama amebeba mayai!" Spoki alilalamika. Baiskeli ilichukua dakika 42. Lakini binti alishuka mwepesi, akakimbia kwa dakika 24.

Bibi alihesabu kwa vidole. "Amepoteza tatu, amepata saba. Hata mimi niliyeishia darasa la pili naiona faida."

Kwa wiki sita Spoki hakufuta kitu. Aliandika siku ya jua kali, siku ya upepo, siku ya mafua. Ukuta ulijaa. Mgeni aliusoma kwa makini.

"Ukitaka kutabiri, usichague siku bora peke yake," alisema. "Tazama siku nyingi, zilizopimwa kama mashindano yenyewe. Naona atamaliza kati ya dakika 83 na 86."

"Kwa hiyo anaweza kukosa?" Spoki aliuliza.

"Anaweza. Mimi napima, sipigi ramli. Akianza kukimbizana na watu kwenye baiskeli, hapo atakosa kabisa."

Binti alimgeukia baba yake. "Baba, niahidi kitu. Siku hiyo usiniambie kanyaga. Nikikusikia, miguu yangu inakutii wewe badala ya kunitii mimi."

"Nimekuahidi, mama."

Siku ya mashindano, magurudumu mawili mapya yalining'inia karibu na mstari wa mwisho. Yalikuwa zawadi ya atakayemaliza sehemu ya baiskeli kwa kasi kuliko wote. Spoki aliyagusa kwa kidole kimoja. Tangu aanze ufundi alikuwa hajawahi kushika magurudumu mepesi hivyo.

Barabara ya baiskeli ilikuwa ya mizunguko mitatu. Spoki alisimama kwenye kona. Mzunguko wa kwanza, watu wanne walimpita binti. Wa pili, wakampita wengine watano.

"Fundi, mtoto kasinzia?" mtu mmoja alimtania.

Spoki alifungua mdomo. Akavua kofia yake, akaing'ata. Mzunguko wa tatu alifumba macho pia.

Kisha ikatangazwa kuwa aliyeongoza kwenye baiskeli alitumia dakika 40. Arobaini! Binti yake aliiweza 39. Spoki aliketi chini kando ya barabara.

Lakini kwenye mbio za miguu mambo yaligeuka. Waliompita binti sasa walikuwa wanajikokota. Aliwapita mmoja mmoja, pumzi yake imetulia. Bibi alikuwa mstarini, macho kwenye saa kubwa.

"Themanini na nne na nusu!" alipiga kelele. "Yumo! Yumo kwenye timu!"

Binti alimwendea baba yake akihema. "Ulikuwapo pale kwenye kona? Mbona sikukusikia?"

Mwanamke mmoja mrefu alipita mbele yao, magurudumu mapya begani. Spoki aliyatazama mpaka yakapotea katikati ya watu.

"Nilikuwapo, mama," alisema. "Mizunguko yote mitatu."