Dumu Lililofunikwa Kitambaa

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia karakanani kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, na sasa hata mwalimu wa darasa lao alimwita hivyo. Akifika alivua sare, akavaa ovaroli kuukuu iliyokunjwa miguuni mara tatu, kisha akakaa juu ya kreti na kupanga bolti na nati kwa ukubwa wake.

Mama yake alikuwa fundi wa injini za boti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, kando ya ziwa, na mlango wake mpana ulitazama gati dogo la mbao. Boti nyingi alizozitengeneza zilikuwa za matembezi, za watu waliopenda kuzunguka ziwani na familia zao siku za mapumziko.

Miezi miwili iliyopita, msaidizi wake wa zamani alikuwa ametoweka na seti nzima ya spana. Kwa hiyo alipokuja msaidizi mpya, mwanamume mwembamba ambaye wote walimwita Msumari, Chiriku alimpokea kwa jicho la pembeni. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msumari alikuwa hodari wa kazi, lakini maneno yake yalikuwa machache kama meno ya kuku. Kwa Chiriku, mtu asiyesema alikuwa na jambo analolificha.

Alhamisi moja Chiriku alimwona akitoka kwa mlango wa nyuma na dumu la lita tano lililofunikwa kitambaa. Msumari alitembea pole pole, akiliangalia kila hatua, akapotea nyuma ya ukuta. Aliporudi alikuwa mikono mitupu. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Chiriku hakumuuliza yeye wala mama yake. Alianza tu kumchunguza: saa aliyofika, mahali alipoweka mfuko wake, namna alivyogeuka mtu akiingia. Kila alichokiona kilimthibitishia kwamba Msumari anaiba oili.

Jumamosi hiyo boti ya daktari wa meno ililetwa gatini ikiwa imevutwa kwa kamba na boti nyingine. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu mama abadilishe oili ya injini yake. Daktari alishuka kwanza, kisha mkewe na watoto wao wawili, nyuso zimewaiva kwa jua. Mama alikuwa amekwenda dukani kununua vipuri, na Msumari alikuwa chini ya boti nyingine akikwangua rangi. Chiriku ndiye aliyewapokea na kuwaamkia.

Daktari alimweleza kwamba walipofika katikati ya ziwa, taa nyekundu iliwaka, king'ora kikalia, na mshale wa geji ya presha ya oili ukaanguka karibu na sifuri. Alizima injini mara moja. Walikaa juu ya maji zaidi ya saa nzima bila kivuli, mtoto mdogo akilia, mpaka walipopata msaada. Alitaka kujua kama kweli oili mpya ilitiwa.

Chiriku alitazama huku na huku. Ulimi wake ulikuwa umekwisha tangulia. Alimwambia daktari kwa sauti ya chini kwamba yule msaidizi mpya ni mwizi wa oili, na kwamba huenda ameichukua hata ya boti yake.

Mama aliporudi, daktari hakungoja atue mfuko. Alisema amesikia kwamba oili inaibwa katika karakana hii, na kwamba familia yake imenusurika kwa bahati. Kama ndivyo, angeihamisha boti leo hii na kuwaonya wenzake wote. Hakusema nani aliyemwambia.

Mama alimgeukia Msumari, ambaye alikuwa ametoka chini ya boti akipangusa mikono. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Chiriku aliona jinsi mama alivyokuwa akizikumbuka zile spana.

"Fundi," Msumari akasema taratibu, "nikijibu sasa utaamini kile ulichokwisha kukiamini. Fungua injini kwanza, ndipo uniulize."

Mama akachukua sanduku la vifaa. Alikataza mtu yeyote kuiwasha injini. Alieleza kwamba presha ndiyo inayoisukuma oili hadi kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, na ikikosekana, injini hujitafuna yenyewe kwa dakika chache. Akaongeza kwamba presha ikishuka washukiwa ni wengi. Pengine oili imepungua, pengine geji inasema uongo, pengine pampu ya oili imechoka, au oili yenyewe imeharibika. Ukimkamata mmoja kabla ya kuwahoji wengine, utabomoa injini nzima bure.

Aliinua kifuniko cha injini, akaacha hewa ipite. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Daktari aliinama kuangalia. Chiriku naye alisogea, akiwa na hakika kwamba kijiti kitatoka kikavu.

Kijiti kilikuwa kimelowa mpaka juu. Oili ilikuwa imepita alama ya mwisho kwa upana wa vidole viwili.

Mama alikitazama, akamtazama daktari. "Daktari, umewahi kusikia mwizi anayeongeza?"

Mama alichukua tone la ile oili na kulisugua kati ya vidole. Lilikuwa jepesi kama maji ya mchele. Alilinusa, kisha akamnyooshea Msumari mkono. Msumari alinusa na kusema neno moja tu: petroli.

Kilichobaki kilikuwa kujua petroli ilipitia wapi kuingia kwenye oili. Waliimwaga oili yote, wakabadilisha chujio, wakatia oili mpya ya aina ileile. Mama alifungua kihisi cha presha cha boti na mahali pake akafunga geji yake mwenyewe, apate kujua kama ya boti ilidanganya. Injini ilipowashwa, presha ilipanda vizuri, kwa hiyo pampu ya oili ilikuwa nzima. Lakini kadiri muda ulivyokwenda, mshale ulianza kuteremka kidogo kidogo. Geji ya boti ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo.

Msumari aliifungua pampu ndogo ya petroli ubavuni mwa injini. Ndani yake, kiwambo cha mpira kilikuwa kimepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Kwa ufa huo petroli ilikuwa ikivuja kuingia kwenye oili na kuifanya nyepesi, na oili nyepesi haiwezi kushika presha.

Daktari aliomba radhi. Alisema asingeyasema yale kama asingeambiwa, na bila kukusudia macho yake yakamwangukia Chiriku. Mama aliyafuata macho hayo.

Chiriku angeweza kunyamaza. Badala yake alisimama, na kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka kwa shida. "Ni mimi niliyesema. Nilimwona kaka Msumari na dumu limefunikwa kitambaa, mara mbili."

"Ile ni oili chafu," mama akasema. "Nilimwambia ampelekee seremala wa nyuma ya ukuta. Anapaka nguzo zisiliwe na mchwa."

"Dumu halina kifuniko," Msumari akaongeza. "Nilifunika isinimwagikie." Akakigeuza kile kiwambo kiganjani. "Kazi yangu ya kwanza niliipoteza kwa neno kama hilo. Hakuna aliyepima chochote."

Chiriku alimwomba msamaha huku machozi yakimlengalenga. Mama naye alimwomba Msumari radhi mbele ya wote, kwa sababu moyoni alikuwa amemhukumu pia. Msumari alikubali kwa kichwa, akarudi kwenye pampu.

Jumatatu, baada ya kufunga pampu mpya, oili na chujio vilibadilishwa tena, na boti ikajaribiwa ziwani saa nzima. Mshale wa geji haukutikisika. Daktari alitia sahihi boti yake iendelee kutunzwa pale pale.

Jioni hiyo, wakifunga milango, Chiriku alimwuliza mama kama ni vibaya kusema ulichokiona.

"Si vibaya, mwanangu," mama akamjibu. "Ukiona jambo linalokutia shaka, njoo uniulize. Lakini sema ulichokiona, usizidishe. Wewe uliona dumu. Wizi uliutia mwenyewe."