Sauti ya Mlango wa Stoo

Kitu cha mwisho cha kawaida kilikuwa chungwa. Seremala alilimenya kwa kisu chake cha kazi, wakiwa kwenye benchi la wagonjwa, akampa mkewe nusu.

"Linanuka vanishi, baba watoto," mkewe akacheka huku akikohoa. "Unataka kuniua kabla ya daktari?"

Nesi alikuwa ameshawafokea. "Kaeni mlipo! Mnadhani mnaumwa peke yenu?" Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye simu, akaenda zake maabara.

Muda si muda mlango wa mwisho wa korido ukafunguka kidogo. Sauti ilikuwa ya nesi yuleyule, ila laini.

"Dada mwenye kifua, pole kwa kungoja. Njoo."

Mkewe akaenda. Mlango ulipofungwa, seremala alisikia harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa. Akadhani ni dawa ya kudekia.

Nesi akarudi kwa upande mwingine, sinia mkononi. "Wa kifua yuko wapi?"

"Si umemwita sasa hivi? Kaingia pale."

"Mzee, usinitanie. Ile ni stoo. Ufunguo ninao mimi."

Walipofungua, mkewe alikuwa ameketi kati ya vitanda vibovu, mkono wa gauni umekunjwa, doa jeusi la sindano likionekana kwenye ngozi. Alikuwa akitabasamu.

"Kanishika mkono," alisema. "Kaniuliza naogopa nini. Nikamwambia yote."

Nesi alimvuta seremala pembeni. Kwa mara ya kwanza alinong'ona. "Mchukue, mzee. Na usiseme. Ikijulikana, nani atakuja tena hapa?"

Nyumbani mkewe alikataa katakata kurudishwa hospitali. "Nikafokewe tena? Yule anakuja mwenyewe." Na kweli, kila seremala alipotoka chumbani alimsikia akizungumza na ukuta, akinyamaza kama anayesikiliza, akicheka kidogo, kisha akizungumza tena, na harufu ile ya udongo ikazidi, ikaingia kwenye mashuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye nywele za mkewe, ambazo seremala alizichana yeye kwa sababu mkewe hakuweza tena kuinua mkono, mpaka jioni moja akamkuta ameuinua, umeshikwa na kitu asichokiona, vidole vimebonyea kama vinavyobanwa, naye hapumui.

Asubuhi baada ya maziko alichukua nyundo, misumari na ubao, akaenda hospitali.

Benchi lilikuwa limejaa. Watu wote walikuwa wameugeukia mlango wa stoo.

"Mama mwenye mtoto, ingia!" nesi aliita. Mtoto alikuwa akitetemeka kwa homa.

"Mimi namngoja yule mpole," mama akajibu, bila kugeuka.

"Hakuna mpole hapa! Mtoto atakufia!"

Nesi akamtazama seremala, akaziona zana zake. "Fanya haraka, mzee," alinong'ona. "Nakuomba."

Seremala akabana misumari midomoni, kama afanyavyo kazini, akaegemeza ubao mlangoni. Akainua nyundo.

Nyuma ya mbao kitu kikasogea karibu, kikapumua.

"Pole na msiba, kaka," sauti ikasema. "Umekula?"

Nyundo ikabaki hewani. Katika jengo lile zima, hakuna aliyekuwa amempa pole.

Akatema misumari kiganjani.

"Bado," akajibu.