Vipele Visivyo na Kosa

Kila asubuhi fundi makochi alifungua karakana yake, akapanga nyundo, gundi na sponji. Kisha akaanza kumkumbuka mkewe.

Mkewe, ambaye ni msusi, alikwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Dada alishapata nguvu. Mtoto alishaanza kucheka. Lakini kila mke alipopiga simu na kuuliza, "Nirudi, mume wangu?" fundi alijibu, "Subiri kidogo."

Akikata simu, moyo ulimuuma. Gauni la bluu la mkewe lilining'inia mlangoni, naye alilinusa kabla ya kutoka.

Hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa na siri. Siku moja akioga, aliona vipele vidogo kuzunguka kichwa cha uume. "Huu ni ugonjwa wa zinaa," aliwaza. "Nimeupata wapi? Mimi sijatoka nje ya ndoa. Au ni mke wangu?" Alilifukuza wazo hilo, likarudi. Akajisugua kwa chumvi na ndimu. Vipele havikutoka, ngozi ndiyo ilitoka.

Siku moja mke alipiga simu, sauti yake imebadilika.

"Niambie ukweli. Umepata mwingine?"

"Sina mwingine."

"Basi mbona hunitaki?"

Fundi akarudia, "Subiri kidogo." Mke akakata simu.

Mchana huo tabibu wa zahanati alifika kuchukua kitanda cha wagonjwa, ambacho fundi alikuwa amekivika ngozi mpya. Alimwona fundi akitembea miguu imeachana.

"Fundi, unatembea kama umeficha yai mapajani. Kuna nini?"

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtoka. "Tabibu, naona aibu."

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Twende zahanati."

Huko, mlango ukiwa umefungwa, tabibu alivaa glavu, akamchunguza polepole.

"Vinauma? Vinawasha?"

"Hapana. Kinachouma ni ile ndimu."

Tabibu akatabasamu. "Angalia. Vimekaa kwa mstari, vyote vimelingana. Huu si ugonjwa, ni ngozi tu ilivyoumbwa. Huota mtu akibalehe, hata kama wewe umeviona juzi tu, na wanaume wengi wanavyo. Havitokani na uchafu wala na kulala na mtu. Haviambukizi."

"Na hivi vya rangi ya maziwa, chini kwenye korodani?"

"Hivyo ni vifuko vya mafuta ya ngozi. Watu wengi wanavyo hata midomoni. Usivikamue wala usivipake kitu."

"Kwa hiyo mke wangu..."

"Mkeo hana kosa. Na wewe huna."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Lakini sikiliza," tabibu aliendelea. "Ukiona kidonda, lengelenge, usaha, kinyama kinachokua, au ukipata maumivu unapokojoa, njoo siku hiyohiyo. Macho yako peke yake hayatoshi, maana vipele hufanana. Sasa osha kwa maji safi tu, hiyo michubuko itapona."

Ilipona kabla ya wiki kwisha. Fundi akapiga simu.

"Rudi nyumbani."

"Leo ndiyo umenikumbuka?"

"Sikukusahau hata siku moja. Niliogopa."

Akamweleza yote, hata ile shaka.

"Uliniwazia hivyo?"

"Niliwaza. Nisamehe, mke wangu."

"Nitakuja Jumamosi. Lakini utanisikiliza, maana na mimi nina ya kusema."

Jumamosi fundi alimpokea kituoni, akabeba begi lake begani. Mke alisema tangu kituoni mpaka mlangoni: jinsi alivyolia akiosha nepi za mtoto wa dada yake, jinsi alivyojiona hafai. Fundi alisikiliza, hakujitetea.

Mlangoni mke alisimama, akamtazama usoni.

"Siku nyingine ukiota kipele, hata cha pua, niambie mimi kwanza. Sawa?"

"Sawa."

"Na ndimu ni za chai."

Fundi akacheka, na mke naye akacheka huku akifuta macho. Kisha akavua viatu, akaingia ndani.