Sentensi Moja, Madaftari Mawili

Wiki ya kwanza ya muhula, duka la vitabu lilifurika watu hadi mlangoni. Wazazi walishika orodha, wanafunzi waliwashika wazazi, na muuzaji nyuma ya kaunta alikuwa ameshakaukwa na sauti. Katikati ya vurugu hiyo, mikono miwili ikatua kwa pamoja juu ya kitabu kimoja chembamba chenye jalada la kijani.

Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Alilishona mwenyewe, na lilimkaa kama amezaliwa nalo. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu mno, ndani ya ovaroli la kijivu lililolowa grisi magotini.

"Samahani kaka, nimekiona mimi kwanza," mwanamke alisema.

"Wewe uko karibu nacho, dada. Mimi nimekiona toka huku juu, macho yamechelewa kufika chini."

Mwanamke alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamwahi.

"Kimebaki hicho hicho," muuzaji alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Vingine mwezi ujao. Amueni, foleni ndefu hiyo."

Ilikuwa riwaya fupi ya Kimarekani iliyotafsiriwa, ya kurasa mia na ushei, iliyopangwa kwenye mtihani wa fasihi mwaka huo. Walipoulizana, wakagundua kwamba wote wawili wamejiandikisha darasa moja: darasa la Jumamosi la watu wazima wanaorudia mtihani wa sekondari.

Mwanamke alikuwa mshonaji wa mapazia, umri miaka thelathini na moja. Aliacha shule ili amuuguze mama yake, na sasa alitaka cheti kimfungulie mlango wa chuo cha ubunifu wa mavazi. Washonaji wenzake walimwita Sindano, kwa sababu ya ulimi wake. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, na jina lake kazini lilikuwa Ghorofa, wala hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mtihani huo alishaufanya mara mbili na mara mbili ukamwangusha. Bila cheti asingeweza kupandishwa kuwa msimamizi.

"Chukua wewe," Ghorofa alisema akiachia kitabu. "Mimi mchana kutwa mikono yangu iko kwenye nyaya, nitakichafua bure. Ila masikio yangu hayana kazi. Unanisomea?"

"Nikusomee? Kwani mimi redio?"

"Redio haicheki vizuri hivyo."

Sindano akampa namba ya simu. Njiani kurudi kazini alijilaumu kwa kuitoa upesi, kisha akajilaumu tena kwa kutokuuliza kama ana mke. Hakuwa naye.

Tangu siku hiyo, kila saa saba mchana, mashine za kushonea zilipozimwa kwa chakula, Sindano alijitenga pembeni kwenye majora ya vitambaa na kupiga simu.

"Haloo, Ghorofa. Leo uko wapi?"

"Juu ya mgongo wa lifti iliyozimwa. Nimekaa kama kuku anayeatamia. Soma, mwalimu wangu."

Naye alisoma. Kijana wa miaka kumi na sita anaishi na shangazi yake katika mji mdogo wenye kiwanda cha viatu. Baba yake aliaga siku moja kwamba anakwenda kutafuta kazi, na hakurudi tena. Kijana anafanya kazi kiwandani, anapenda, anadanganywa, anadanganya, na kila jioni anakwenda kituo cha treni kutazama wanaoshuka. Ukurasa wa mwisho, baba anashuka kweli, amembeba mtoto mwingine begani. Kijana anajibanza nyuma ya nguzo. Hamwiti. Baba anapanda tena, na treni inaondoka naye.

"Mjinga huyu!" Sindano alifoka siku alipomaliza, hadi wenzake wakageuka. "Mimi ningemwita mpaka treni ipasuke vioo!"

"Wewe ungemwita, mpenzi, na dereva angeshuka," Ghorofa alijibu.

Wote wawili walisikia neno lililomponyoka.

"Umesema nani?" Sindano aliuliza polepole.

"Nimesema dereva."

"Kabla ya dereva."

"Kabla ya dereva nimesema ukweli. Sasa kengele inalia, kuna mtu anataka kwenda ghorofa ya nne."

Siku ambazo mtandao ulikataa ndani ya shimo la lifti, Ghorofa alimtumia ujumbe wa sauti baadaye, mrefu, wenye mwangwi. Sindano aliusikiliza akiwa anashona, mashine ikinguruma, sauti ya Ghorofa ikiingia sikio moja na pindo la pazia likipita chini ya vidole. Nyumbani, wifi yake, mke wa kaka yake, waliyeishi nyumba moja, alianza kumchunguza.

"Wifi, siku hizi unatabasamu hata ukiosha masufuria. Hicho kitabu kina nini?"

"Kina mafunzo, wifi."

"Hayo mafunzo yana urefu gani?"

Sindano alimrushia povu.

Jumamosi walikaa dawati moja, kwenye chumba cha shule ya msingi walichoazimwa. Madawati yalikuwa ya watoto, hivyo magoti ya Ghorofa yalifika karibu na kidevu. Wiki ya nane mwalimu akawapa insha: *Je, hadi mwisho wa riwaya, kijana huyu amekua?* Atakayefaulu insha ndiye atakayesainiwa fomu ya usajili wa mtihani.

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliingia bila salamu. Alikuwa mzee mstaafu, mpole kwa kawaida, shati lake limepigwa pasi hadi mikononi. Siku hiyo alikuwa amekaza midomo. Akaweka madaftari mawili mezani na kusoma:

"'Mtoto hulia ili asikiwe na yeyote, mtu mzima huchagua nani amsikie.'"

Darasa likanong'ona kwa kuvutiwa.

"Nzuri, sivyo? Nami niliipenda. Tatizo ni kwamba nimeipenda mara mbili." Akainua macho. "Ninyi wawili, simameni."

Walisimama, Sindano na Ghorofa.

"Ni yangu, mwalimu," Ghorofa alisema.

"Na wewe, binti?"

Sindano aliikumbuka siku aliyoiandika. Alikuwa kwenye meza ya kukatia, penseli ya kuchorea kitambaa mkononi, na maneno yakaja yenyewe kama uzi unaopita tunduni bila kulambwa.

"Niliiandika mwenyewe, mwalimu," alisema, na huo ndio ukweli alioujua.

Mwalimu akavua miwani. "Huyu dada amepata alama za juu tangu muhula uanze. Wewe, kijana wangu, tunajuana, huu ni mwaka wako wa tatu. Sitamsainia mtu anayenakili."

Ghorofa hakumtazama mwalimu. Alimtazama Sindano. Sindano angeweza kusema neno: kwamba mtu huyu si mwizi, tuulizane kwanza. Lakini moyoni mwake alikuwa ameshaanza kujiuliza kama kweli Ghorofa hakuchungulia daftari lake. Akainamisha macho. Ghorofa aliyaona yakiinama.

Nje, karibu na bomba la maji, Ghorofa alimngoja.

"Unaamini nimekunakili?"

"Nakumbuka nilivyoiandika, Ghorofa. Mahali, saa, kila kitu."

"Kuiandika unakumbuka. Kuisikia je?"

"Sijakuelewa."

"Basi," alisema kwa upole uliouma kuliko kelele. "Kazi njema, dada."

Tangu wafahamiane vizuri hakuwahi tena kumwita dada.

Saa saba ya Jumatatu ilifika na simu haikupokelewa. Jumanne vilevile. Jumamosi dawati lilikuwa na nafasi tele, na Sindano hakujua akae upande gani. Watu wawili walimsifu kwa insha yake. Sifa hizo hazikumshuka.

"Mmegombana," wifi yake alisema jioni, wakichambua mchele.

"Alinakili sentensi yangu, wifi."

"Alikiri?"

"Alisema ni yake."

"Na wewe ukasema ni yako. Mtu mwenyewe aliwahi kukudanganya kitu?"

Sindano aliutafuta uongo mmoja wa Ghorofa, mdogo tu, hata wa kusema amefika wakati bado yuko njiani. Hakuupata.

Siku ya kumi na mbili alizidiwa na upweke. Mchana, mashine zikiwa zimezimwa, alikaa kwenye majora ya vitambaa akafungua ujumbe wa sauti wa zamani. Hakuwa akitafuta ushahidi. Alitaka kumsikia tu. Akasikiliza wa kwanza, kuhusu bosi aliyenasa ndani ya lifti akaanza kuimba. Akasikiliza wa pili, kuhusu shangazi wa yule kijana. Wa tatu ulianza kwa mwangwi na mlio wa spana ikianguka.

"Sindano, nimefikiria ugomvi wetu wa kituo cha treni. Unasema angeita. Mimi baba yangu aliondoka nikiwa na miaka tisa. Nililia barabarani mpaka majirani wakatoka. Nilipokuwa mkubwa nikamwona sokoni, na sikumwita. Watu walisema nina kiburi. Si kiburi. Mtoto hulia ili asikiwe na yeyote. Mtu mzima huchagua nani amsikie. Haya, shona taratibu, usijidunge."

Simu ikamwanguka mapajani. Siku ile ujumbe ulipofika mashine ilikuwa ikinguruma, kazi ya mapazia ya hoteli ilikuwa imemkaba. Hakuyasikia maneno kwa akili, aliyasikia kwa mwili. Yakamkaa, na yalipotoka baadaye akadhani yamezaliwa kwake. Kibaya zaidi, mtu alikuwa amemfungulia kidonda chake, naye akakipita kama tangazo la redio.

"Wifi," alisema usiku ule kabla hata hajavua viatu, "mwizi ni mimi."

Wifi yake alisikiliza habari yote, akafunika sufuria. "Kitu cha watu kinarudishwa palepale kilipochukuliwa, tena mchana."

Jumamosi Sindano alisimama kabla mwalimu hajafungua kitabu. Simu alikuwa nayo mkononi.

"Mwalimu, naomba darasa lisikilize kitu."

Hakuwasikilizisha habari ya baba. Hiyo haikuwa yake kuigawa. Alianzia pale pa mwisho, na sentensi ikatoka simuni kwa sauti ya Ghorofa, tarehe ikionekana kwenye kioo, siku nne kabla insha haijatolewa.

"Ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyenakili bila kujua. Na nilipoona anaitwa mwizi, nikanyamaza. Hilo la pili nililijua."

Mwalimu akakiweka kitabu pembeni. "Nami nilisoma majina kabla ya kusoma insha," alisema. Akaitoa fomu mkobani, akaisaini mbele ya darasa. "Mwisho wa kupokea ni Jumatatu adhuhuri, na lazima mwenyewe atie saini. Wewe, binti, utaandika insha upya, uilete siku hiyohiyo."

Jumatatu asubuhi, insha mpya na fomu vikiwa kwenye bahasha moja, Sindano alifika kwenye jengo la ofisi alikoelekezwa na mafundi wenzake na Ghorofa. Mlinzi akamcheka kwa huruma.

"Fundi yuko juu kabisa, ghorofa ya kumi na moja. Lifti ndiyo hiyo anayoitengeneza. Ngazi zile pale."

Alipanda. Ghorofa ya tano alivua viatu. Ya nane akakaa kidogo, makarani wakamkwepa na mafaili yao. Alipofika ya kumi na moja, jasho limeilowesha kola yake, alimkuta Ghorofa amepiga magoti mbele ya kisanduku cha nyaya, tochi mdomoni.

Akaitoa tochi. "Umepanda kwa miguu?"

Sindano hakuweza kuongea. Alinyoosha kidole kimoja, maana yake ngoja. Ghorofa akampa chupa yake ya maji, akangoja.

"Niliusikiliza tena," alisema pumzi iliporudi. "Wa spana. Nimewaambia wote, na mwalimu amesaini. Lakini sikuja kwa ajili ya fomu. Nimekuja kwa sababu uliniambia habari ya baba yako na mimi nilikuwa nakunja pindo. Nisamehe, Ghorofa."

"Ulikuwa kazini."

"Usinitetee. Kwa nini hukumwonyesha mwalimu ule ujumbe? Ulikuwa nao."

Alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Niliyetaka aniamini hakuwa mwalimu."

Machozi yakamtoka Sindano. Ghorofa alitaka kuyafuta, akatazama vidole vyake vyenye grisi, akasita.

"Futa tu," Sindano alisema. "Uso nitanawa."

Alimfuta, akamwachia mstari mweusi shavuni. Kisha akatia saini kwa makini, akiegemeza fomu ukutani.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa tano na robo."

"Ngoja niunganishe waya mmoja. Sikuachi ushuke kwa miguu, mpenzi. Nitakuwa fundi gani?"

Walifika kwa mwalimu saa sita kasoro dakika kumi. Wakasoma muhula wote uliobaki, wakagombana kuhusu kila sura, na kila mmoja akaandika insha zake kwa maneno yake. Walifanya mtihani, wakangoja miezi miwili.

Siku matokeo yalipobandikwa, ubao ulizingirwa na watu wakipiga vifijo na wengine wakilia. Ghorofa alisoma juu ya vichwa vya wote.

"Wewe umepita juu kabisa," alitangaza. "Mimi nimepita katikati. Fasihi nimekuzidi alama mbili."

"Mwongo!"

"Njoo nikuinue uone."

Alipohakikisha, Sindano akampiga ngumi ya mkono, kisha akamkumbatia kiunoni, maana ndipo alipofikia. Ghorofa akainama.

"Nataka kukuoa. Nilipanga maneno marefu, yameniishia kwenye mtihani."

Ulimi uliompa jina lake ukapoteza makali. Sindano alitazama vifungo vya shati lake jipya, akasema kwa sauti ndogo, "Nimekubali."

"Sijasikia. Kelele nyingi hapa."

"Nimekubali."

"Eti?"

"NIMEKUBALI, jamani, NIMEKUBALI!"

Watu waliokuwa ubaoni wakageuka wote. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga kigelegele, na wengine wakampokea bila hata kujua ni cha nini.

"Ya kwanza niliisikia," Ghorofa alimnong'oneza. "Nilitaka tu tena."