Kilima Kilichoshika Njia Zote

"Nenda mji mkubwa wa kale," redio ilikoroma. "Askari wote wako huko. Hiyo ni amri."

Jasusi alisimamisha Land Cruiser kwenye njia panda. Malori ya wezi wa mali za kale yalikuwa yamepotea. Wiki nzima hakuwa amelala kitandani.

Alimpigia shemeji yake, mtaalamu wa mambo ya kale. Kompyuta yake ndiyo waliyoiba wezi asubuhi ile.

"Shem, watachimba wapi?"

"Kwanza mke wako anauliza kama bado uko hai."

"Mwambie hata mimi najiuliza."

"Si mji mkubwa. Ule ulishachimbwa ukaisha. Mimi nilichora makazi yote ya kale, nikayaunganisha kwa njia walizopita watu. Kuna kilima kimoja kidogo, karibu kila njia inapita hapo. Nikikifuta kwenye ramani, mtandao wote unakatika vipande viwili. Wasafiri walizikwa pale na mali zao, hakuna aliyewagusa. Tingatinga likiingia, kwisha habari."

"Kushoto au kulia?"

"Kushoto. Kimbia!"

Akakata kushoto.

Alilala kifudifudi kwenye majani kando ya kilima, darubini machoni. Malori mawili. Tingatinga. Bunduki kila upande. Yeye alikuwa na Beretta moja.

Ee Mungu, nguvu sina. Nipe akili.

Akatazama tena. Mkubwa wao hakuwepo. Amri zake zilimfikia jamaa mmoja mnene mwenye simu ya setilaiti, ndani ya pikapu iliyojitenga nyuma ya miti. Huyo ndiye aliyezipitisha kwa wenzake kwa redio.

Kila njia ilipita hapo.

Alitambaa. Akafungua mlango, akamwekea bastola shingoni.

"Habari za kazi?"

"Nz... nzuri, mzee."

"Waambie askari wanakuja huku. Wakimbilie mji mkubwa, watapokewa."

"Hawataniamini!"

"Wamekuamini kutwa nzima."

Jamaa akashika redio, akasema. Tingatinga likaachwa limeinua kijiko hewani. Malori yakaondoka kwa kishindo.

Haikuchukua muda, redio ya jasusi ikalia kiunoni.

"Tumewanasa wote!" mkuu wake alipiga kelele. "Si nilikwambia mji mkubwa?"

"Ulisema, mkuu."

"Na wewe uko wapi?"

Aliizima.

Land Cruiser ilikuwa ng'ambo ya kilima. Mateka, mikono imefungwa, akaanza kukata katikati ya kilima.

"Zunguka," jasusi alisema.

"Lakini huku ni karibu, mzee."

"Hapo wamelala watu."

Wakazunguka.