Kuku Kwenye Kanda ya Sendofu

Chwiii... tk! Alfajiri ya Jumatatu, gizani, kanda ilikuwa ikirudishwa nyuma ndani ya kamera. Violeth alivuta shuka mpaka masikioni. Ndivyo mama yake, Josephine, alivyokagua kazi yake ya kurekodi video kila baada ya sherehe, kabla ya kwenda ofisini.

"Gaudence!" mama alifoka. "Hebu njoo uone!"

Mjomba Gaudence, mdogo wake mama na mwenzake wa kazi, alikuja akipikicha macho. Kwenye kioo cha kamera, bibi mmoja mzee alikuwa ndiyo kwanza anasimama kumbariki kwa Kisandawe mjukuu wake, Mwanasha, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Ghafla wakatokea kuku. Picha ya HD, safi kabisa. Hata mdudu mdomoni mwa jogoo alionekana.

"Kuku, Gaudence! Bi Kuluthumu kamleta mama yake kutoka Chemba kwa baraka hizi tu, wewe unazifuta kwa kunirekodia kuku?"

"Dada, sijaigusa tangu Jumamosi."

"Basi kuku wamejirekodi wenyewe! Toka. Usiiguse tena kamera yangu."

Mjomba akachukua shati lake, akaondoka bila hata chai, mlango ukabamizwa. Violeth alijua kila kitu. Jumapili aliirudisha kanda nyuma aone watu wakicheza, kisha akawaelekezea kamera kuku wa uani na kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, ajaribu tu, bila kuipeleka mbele hadi mwisho.

Alitoka kitandani. "Mama, usimfukuze mjomba. Kuku nimewarekodi mimi."

Mama alimkazia macho. "Umelala hapo, unasikia mjomba wako anafukuzwa kama mwizi, ukanyamaza?"

Violeth akaanza kulia.

"Futa machozi. Hata mimi nimekosa, nimefoka kabla ya kuuliza. Nitamwomba radhi. Lakini sikiliza, mwanangu: kufuta hukukusudia, kunyamaza umekusudia. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Jioni, mama akiwa ameshamwomba mjomba radhi, walikwenda watatu Nkuhungu, nyumbani kwa Bi Kuluthumu. Alikuwa ameshaambiwa kwamba baraka zimefutika; hakumkaribisha mtu kiti.

"Mama yangu ana miaka themanini!" alifoka. "Mnadhani baraka ni wimbo wa kurudiarudia?"

Bibi aliinua mkono kumkatiza bintiye. "Nitambariki tena mjukuu wangu," alisema taratibu. "Ila kwanza nimjue aliyenifuta."

Mwanasha alikuwa ameshakaa miguuni pake. Mjomba, aliyekuwa tayari kurekodi, aliishusha kamera.

Violeth akasogea mbele, akapiga goti.

"Ni mimi niliyekufuta, bibi."