Nyigu Ameamkaje?

"Dada, usinikasirikie. Hivi mchumba wako ni mwanamume kweli?"

Aliyeuliza alikuwa Darubini, mtafiti mwenzangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya miwani yake minene. Kwa kawaida Darubini ni mtu wa utani, lakini asubuhi ile uso wake ulikuwa mkavu, na mimi nikahisi baridi ingawa jua lilikuwa limejaa dirishani.

"Swali gani hilo?"

"Njoo ujionee mwenyewe."

Niwaeleze kazi yetu kwanza, msije mkapotea njiani. Maabara yetu inachunguza kwa nini mwili hukataa figo iliyopandikizwa kutoka kwa mtu mwingine. Ndani ya damu kuna seli nyeupe, walinzi wa mwili, na walinzi hao wana wivu kushinda mke mwenza. Wakikutana na seli za mgeni, salamu hakuna, ni ngumi tu. Sisi huchanganya seli za watu wawili wasio ndugu, tukaangalia zinavyopigana, kisha tukajaribu dawa za kuzituliza. Safari hii damu moja ilikuwa yangu. Mtu wa kutoa ya pili hakutokea.

Fundi, mchumba wangu, alikuwa koridoni anatengeneza lifti ya jengo letu. Aliposikia nalalamika, akakunja mkono wa ovaroli yake.

"Chukua yangu, Dakta. Mapenzi si maneno matupu."

"Umewahi kuugua ugonjwa mkubwa?"

"Mafua. Na kukupenda wewe."

Nilicheka kama mjinga, nikamchoma sindano.

Sasa, ili kuzitofautisha seli zangu na zake zikishachanganyika, huwa tunatafuta alama ya kiume, ambayo damu ya mwanamume haiwezi kuikosa. Darubini alikuwa ameitafuta kwenye damu ya Fundi. Haikuwepo kabisa.

"Umeweka damu yangu mara mbili," nilimwambia.

"Ingekuwa yako mara mbili, zingepigana? Hebu tazama."

Nikainamia kioo. Seli zilikuwa zimevimba, zimejikusanya mafungu mafungu, vita vimepamba moto. Seli zangu haziwezi kujipiga zenyewe. Yule alikuwa mtu mwingine, na alikuwa mwanamke.

Nikamgeukia Mama Barafu, mtunza friza zetu. Mama huyu kila akifungua mtungi wa kugandishia hupiga hodi kwanza, kwa sababu baadhi ya wenye seli zile wameshafariki, na seli zao bado zi hai mle ndani. Sote tulikuwa tukimcheka.

"Mama Barafu, hukukosea bandiko kweli?"

"Mwanangu, damu imetoka mkononi mwa Fundi nikiona kwa macho yangu. Bandiko nimeliandika papo hapo." Akashusha sauti. "Mkono ni wa Fundi. Damu ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Muulize aliyembeba."

Siku hiyo hakuna aliyemcheka.

Jioni nilikwenda kwa Fundi. Alikuwa anaoga, maji yanamwagika, anapiga mluzi kama mtu asiye na neno. Simu yake ikawaka mezani. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyemwandika "Nyumbani":

"Nyigu ameamkaje leo? Mpe maji mengi, joto limezidi. Jumamosi nakuja kumwona."

Nilisoma, nikarudia. Nyumba ile ilikuwa chumba na sebule, na mimi niliijua kama kiganja changu. Msinicheke, niliinama nikachungulia chini ya kitanda. Palikuwa na kandambili zake tu. Nikafungua kabati: mashati yake na gauni langu moja. Mwanamke wa kando ningemwelewa, ningepiga kelele, ningevunja sahani. Lakini huyu anayepewa maji kwenye nyumba isiyo na mtu, ningemvunjia nini?

Fundi akatoka na taulo, anatabasamu.

"Nyigu ni nani?"

Tabasamu likafa.

"Umeshika simu yangu?"

"Imewaka yenyewe. Nakuuliza, Nyigu ni nani?"

"Ni dada yangu."

"Uliniambia umezaliwa peke yako!"

"Nilikwambia niko peke yangu."

"Usinichezee maneno. Yuko wapi?"

Alikaa kitandani. Akanyoosha mkono uleule niliouchoma sindano.

"Yumo humu."

Mtu mwingine angekimbia. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, nikaelewa kabla hajaendelea, na kuelewa hakukunipunguzia baridi hata kidogo.

"Uboho," nilisema. "Ulipandikizwa uboho wake."

"Nilikuwa na saratani ya damu, nikiwa chuo cha ufundi. Waliua uboho wangu kwa dawa kali, wakaniwekea wa Nyigu. Nikapona. Damu yote niliyo nayo sasa inatengenezwa na uboho wake."

"Kwa hiyo ulivyosema huenda usipate mtoto..."

"Ni zile dawa. Hilo angalau sikukuficha."

"Na Nyigu?"

"Gari lilimgonga akivuka barabara, mimi nimeshapona, nimeshaanza kazi." Akaugusa ule mkono. "Mazikoni mama hakutoa chozi. Alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Halafu akasema, 'Mbona yumo?' Tangu siku hiyo kila Jumamosi anakuja kuzungumza naye."

"Na wewe unafanyaje?"

"Namjibu."

"Kama nani?"

Akainamisha kichwa. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nyembamba, tamu, ya msichana: "Sijambo, mama. Nimefurahi umekuja, mama."

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Usirudie tena mbele yangu!"

"Ndiyo maana sikukwambia! Mwanamke gani angekubali?"

"Kwa hiyo harusi ungeifunga na siri hii?"

"Mama hataki harusi mpaka Nyigu akubali."

"Si unamjibia wewe? Mwambie amekubali!"

"Nimeshamwambia. Ananitazama tu, anasema atasubiri."

Nilivua pete nikaiweka juu ya simu yake.

"Fundi, sikuikataa damu yako. Umenidanganya sindano ikiwa mkononi mwangu, hilo ndilo linaloniuma. Jumamosi nakuja. Nikishamwona mama yako, nitajua kama pete hii naivaa au naiacha hapo hapo."

Nikatoka.

Jumamosi nilimkuta mama mkwe mtarajiwa ameshaketi, mwanamke mfupi, nadhifu, mkoba umewekwa magotini. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mwanawe, macho ameyafumba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Tunazungumza."

Akaendelea kumwambia Nyigu habari za nyumbani. Jirani wa upande wa kushoto amehama. Bati la jikoni linavuja. Yule paka wako amezaa tena. Na Fundi, mwanamume mwenye ndevu, anajibu kwa ile sauti nyembamba, "Vizuri, mama. Nashukuru, mama." Mimi nimesoma hadi shahada ya uzamivu. Lakini nilijikuta nimebana pumzi, namsubiri mtu wa nne amalize kuongea.

Mama akafumbua macho.

"Nasikia kazi yako ni kuchanganya damu za watu."

"Ndiyo, Mama."

"Umechanganya yako na ya binti yangu?"

"Nilichanganya, Mama. Sikujua ni yake."

"Zikafanyaje?"

Fundi alinitazama. Macho yake yaliniomba kwa kila lugha: sema zimepatana. Neno moja tu. Harusi ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi wangu, na yule mama asingejua maisha yake yote. Nampenda Fundi. Nilimpenda hata pale alipokuwa ananiomba uongo.

"Zilipigana, Mama."

"Sikusikia."

"Zilipigana vibaya sana. Seli zake zilinishukia bila hata kunipa nafasi. Mtu yeyote asiye ndugu yake angepigwa hivyo hivyo, lakini siwezi kukwambia zilikaa kimya."

Fundi akafunika uso.

Mama akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Kumbe kicheko.

"Ni yeye!" alisema. "Jamani, ni yeye! Nyigu wangu! Mnadhani jina lile tulimpa bure? Msichana wa kwanza uliyemleta nyumbani, baba, si Nyigu alimmwagia maji mlangoni?"

"Ndoo nzima," Fundi alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

"Mimi mwenyewe mama yake hakunijibu kwa adabu kuanzia asubuhi hadi jioni, hata siku moja! Halafu miaka yote hii naambiwa, 'Nimefurahi, mama. Nashukuru, mama.' Nyigu huyo?" Akamgeukia mwanawe. "Nilijua ni wewe, baba. Tangu siku ya kwanza nilijua."

"Mama... mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia uache, ningebaki na nini?"

Hapo ndipo kicheko kilipogeuka. Alilia kilio kilichochelewa miaka, kichwa kifuani kwa mwanawe, na Fundi akalia naye. Mimi sikuwa na pa kuweka mikono. Nilipokuja kuangalia, mama alikuwa ameachia kile kifundo cha mkono bila mwenyewe kujua.

"Na wewe," aliniambia akijifuta. "Ungesema zimepatana, ningejua na wewe unanidanganya, ningewabariki na kuondoka."

"Ningeingia ukoo wako kwa uongo, Mama. Na mwongo mnaye mmoja tayari."

Fundi akacheka katikati ya machozi. "Nimekoma, Dakta. Mbele ya mama, nimekoma."

"Ile sauti sitaki kuisikia tena," mama alimwambia. Kisha akaichukua pete juu ya meza, akanivisha yeye mwenyewe. "Wifi na wifi walipatana lini siku ya kwanza? Mtazoeana."

Harusi ilifungwa. Darubini alipewa kipaza sauti, akasema bwana harusi tumempima na matokeo tunayo, akanyang'anywa kipaza sauti. Mama Barafu alipokuja kutupa mkono, alimpigia Fundi hodi kwanza, taratibu. Mama mkwe aliona, akamkumbatia.

Jumamosi ya kwanza ya ndoa yetu, niliamka mume wangu bado anakoroma. Simu ikawaka, na safari hii ilikuwa yangu.

"Nyigu ameamkaje? Bado mnapigana?"

Mimi ni mwanasayansi. Najua seli hazina jina wala hazijui wifi. Lakini sikutaka kumdanganya mama yule hata mara moja, kwa hiyo kabla ya kuandika nilimshika Fundi kifundo cha mkono, nikasikiliza kwanza. Ndipo nikajibu:

"Hajambo, Mama. Bado tunapigana."